Ameambiwa asubiri hedhi, na hedhi haiji

SWALI

Ndugu washauri,

Mimi ni mhudumu wa afya ngazi ya jamii katika kijiji kilicho mwendo wa saa tatu kwa miguu kutoka zahanati. Kampeni ya uzazi wa mpango ilipita kwetu mwaka jana, na katika wiki moja wanawake 41 walichoma sindano ya miezi mitatu. Mwezi uliopita nilipopitia daftari nilikuta 17 wameacha. Kati yao watatu ni wajawazito, na hakuna aliyekuwa amepanga.

Nimewatembelea mmoja mmoja. Wengi walitokwa na matone ya damu wiki nzima, ikaisha, ikarudi. Wengine damu imekata kabisa na majirani wanawaambia inajikusanya tumboni. Wanne walifika zahanati wakakuta sindano zimeisha. Waliporudi tena walikuwa wamechelewa, muuguzi akawaambia wakasubiri hedhi kwanza ili ajue hawana mimba. Mmoja wao amechelewa wiki tano na mpaka leo anasubiri. Mwingine aliacha kwa hiari yake ili apate mtoto. Miezi saba imepita tangu achome sindano ya mwisho, hajashika mimba, na mumewe anasema mimi ndiye niliyemharibia mke kizazi.

Msimamizi wangu anasema tatizo ni uelewa mdogo, niitishe mkutano wa elimu. Pia nimeahidiwa sindano za mtu kujichoma mwenyewe. Nianzie wapi? Na huyu anayesubiri hedhi, nifanye naye nini wiki hii?

Mhudumu wa kijiji

JIBU

Ndugu mhudumu,

Tuanze na huyo anayesubiri, maana kila siku inayopita inamsogeza karibu na mimba.

Sindano hii, ambayo kwenye boksi huandikwa DMPA, huufanya utando wa ndani wa mji wa mimba kuwa mwembamba. Kadiri mwanamke anavyoendelea kuitumia, hedhi hupungua, na wengi wakifikisha mwaka hawaioni kabisa. Dawa ikiisha nguvu, yai linaweza kupevuka kabla damu ya kwanza haijaonekana. Kwa hiyo anayeambiwa asubiri hedhi anakaa bila kinga akisubiri dalili ambayo huenda ikatanguliwa na mimba. Muuguzi alikuwa na nia njema, lakini kanuni aliyoitumia haimfai mwanamke huyu.

Kanuni yenyewe, kwa miongozo ya Shirika la Afya Duniani, ni hii: sindano ya DMPA hurudiwa kila baada ya wiki 13. Mwanamke anaweza kuipata mapema kwa hadi wiki 2, au kwa kuchelewa hadi wiki 4, bila kupimwa mimba, bila kusubiri hedhi na bila kuhitaji kondomu ya ziada. Yaani mlango uko wazi kuanzia wiki ya 11 mpaka ya 17. Aliyechoma Jumatatu tarehe 5 Januari 2026 anatakiwa kurudi Jumatatu tarehe 6 Aprili. Angeweza kuja tangu tarehe 23 Machi, na hata akija tarehe 4 Mei anachomwa palepale. (Wiki 13 kamili zina faida hii: siku ya wiki haibadiliki. Aliyechoma Jumatatu hurudi Jumatatu, na hilo hukumbukwa kuliko tarehe.) Nchi nyingine zina ukomo mfupi zaidi, Marekani, kwa mfano, huruhusu kuchelewa wiki 2 tu. Kwa hiyo tazama mwongozo wa kwenu unasemaje.

Sasa chukua kadi ya mama huyo uhesabu upya. Hizo wiki tano zimehesabiwa kutoka wapi? Baadhi ya vituo huandika tarehe ya kurudi baada ya wiki 12. Kama kadi yake imeandikwa hivyo, wiki tano za kuchelewa maana yake yupo wiki ya 17, bado hajapita mlango, na anapaswa kuchomwa leo. Kesho atakuwa ameupita.

Kama kweli ameshapita wiki 17, bado hahitaji kusubiri damu. Muulize maswali matatu, faraghani. Tangu wiki ya 17 ipite amekutana na mwanaume? Kama amekutana, alitumia kondomu kila mara, au alimeza vidonge vya dharura kila baada ya tendo lisilo na kinga? Ana mtoto wa chini ya miezi 6 anayenyonya maziwa ya mama pekee au karibu pekee? Jibu moja tu likimwondolea shaka ya mimba, anachomwa, na anatumia kondomu au anajizuia kwa siku 7 zinazofuata. Kama hakuna jibu linalomwondolea shaka, apimwe mkojo. Kipimo kikionyesha hana mimba lakini alikutana na mume siku chache zilizopita, ni mapema mno kukiamini: apewe kondomu na apimwe tena baada ya wiki 4. Kama tendo lilikuwa ndani ya siku 5, vidonge vya dharura bado vinasaidia, na vikimezwa mapema zaidi ni bora zaidi. Hata ikitokea amechomwa akiwa tayari na mimba changa asiyoijua, dawa hii haijulikani kumlemaza mtoto. Hofu hiyo ndiyo inayowafanya wauguzi wengi wawarudishe wanawake nyumbani, na haina msingi.

Vivyo hivyo kwa anayeanza kwa mara ya kwanza. Halazimiki kuja akiwa katika siku zake. Kuna maswali sita yanayotumika mahali ambapo hakuna kipimo. Je, hedhi yake imeanza ndani ya siku 7 zilizopita? Amejifungua ndani ya wiki 4? Mimba yake imetoka ndani ya siku 7? Hajakutana na mwanaume tangu hedhi ya mwisho au tangu ajifungue? Amekuwa akitumia njia nyingine ya kuaminika bila kukosea? Ananyonyesha mtoto wa chini ya miezi 6 bila kumpa chakula kingine, na hedhi haijarudi? Ndiyo moja inatosha, mradi hana dalili za mimba. Hili usilipeleke kwa muuguzi kama shutuma. Mwombe msimamizi aende nawe, mfungue kitabu cha mwongozo cha wizara pamoja, na maswali hayo yabandikwe ukutani mahali pa kuchomea. Anayefanya kazi peke yake na foleni ndefu anahitaji kitu cha kutazama.

Tahadhari moja kabla hatujaendelea. Kuna sindano nyingine, NET-EN, inayorudiwa kila baada ya wiki 8, na ukomo wake wa kuchelewa ni wiki 2. Zahanati ikiishiwa moja na kupokea nyingine, wanawake hupewa tarehe za sindano wasiyoichoma. Andika jina la dawa kwenye kadi kila mara.

Tuje kwenye damu, maana ndipo ulipowapoteza wengi, au tuseme ndipo kampeni ilipowapoteza. Katika miezi mitatu ya kwanza, damu isiyo na mpangilio ndiyo hali ya kawaida kwa wanaotumia sindano: matone, siku nyingi za damu kidogo, kukata na kurudi. Baadaye hupungua, kisha kwa wengi hukata. Mwanamke aliyeambiwa haya kabla ya kuchomwa huyatambua yanapokuja. Asiyeambiwa huona mwili wake unaharibika, na majirani wanampa maelezo ambayo wewe hukumpa. Kwa hiyo maneno haya yasemwe siku ya kwanza, kabla sindano haijafunguliwa, kisha umwombe ayarudie kwa maneno yake mwenyewe. Mpitie tena baada ya wiki 4 hadi 6. Wiki hiyo ndipo anapoamua kimyakimya kwamba hatarudi, na mpango ukikaa ukisubiri wiki ya 13 umeshachelewa.

Kuhusu damu kujikusanya, usimwambie tu kwamba si kweli. Mweleze kinachotokea: kila mwezi mji wa mimba hujitandikia utando mnene kwa ajili ya mtoto, na mtoto asipokuja utando huo hutoka kama hedhi. Sindano huzuia utando usinenepe. Hakuna kilichotandikwa, hivyo hakuna cha kutoka. Wanawake wengi huridhika na maelezo haya, kwa sababu yanajibu swali wanalouliza hasa: damu yangu imekwenda wapi?

Lakini usimtulize kila mtu. Damu inayozidi siku 8, au inayotoka mara mbili ya kawaida yake, ni nyingi na inahitaji kituo: anaweza kupewa dawa za jamii ya ibuprofeni kwa siku 5, na vidonge vya madini ya chuma kama amepungukiwa damu. Damu inayoanza ghafla baada ya miezi mingi ya utulivu, au inayotoka baada ya tendo, ichunguzwe kwa sababu nyingine kabisa. Maumivu makali chini ya kitovu, kichwa kikali kinachokuja na macho kuona maluweluwe, macho ya njano, jipu mahali palipochomwa: mpeleke siku hiyohiyo. Na kama hali hiyo ni ya kawaida tu lakini yeye haitaki, asilazimishwe kuivumilia. Kubadili njia ni haki yake. Uzito nao utajwe mapema, kwa sababu wengi huongezeka kilo 1 au 2 kwa mwaka.

Mama aliyeacha ili azae hajaharibiwa kizazi. Kwa wastani, aliyekuwa kwenye sindano hii hushika mimba kama miezi 10 baada ya sindano ya mwisho, takriban miezi minne zaidi ya wanaoacha njia nyingine. Yeye yupo mwezi wa saba. Zungumza na mume na mke pamoja, kama mke ameridhia, uwaonyeshe hesabu hiyo kwenye kalenda. Wakifika mwaka mmoja tangu sindano ilipoisha nguvu bila mimba, wote wawili wachunguzwe, mume akiwemo. Kosa lililofanyika ni kwamba hakuambiwa siku ya kwanza. Anayetaka mtoto mwakani sindano hii haimfai sana. Kondomu, vidonge vya kila siku, kitanzi au vijiti vya mkononi humrudishia uwezo wake mapema zaidi vikiachwa au vikitolewa.

Sindano zilizoisha nazo zina sababu, na tunadhani imejificha kwenye barua yako. Wanawake 41 walichomwa wiki moja. Maana yake wote 41 wanatakiwa kurudi wiki moja, kila baada ya wiki 13, katika zahanati inayoagiza kwa wastani wa mwezi. Wimbi hilo litairudia zahanati kila robo mwaka mpaka ulivunje. Njia ya kulivunja ni ule mlango wa mapema: theluthi moja waite wiki ya 11, theluthi nyingine wiki ya 12, waliobaki wiki ya 13. Baada ya mzunguko mmoja foleni imetawanyika, na hakuna aliyekosa kinga hata siku moja. Mpe muuguzi orodha ya tarehe zao kabla hajaandika oda, wala si baada.

Kosa la pili liko kwenye oda yenyewe. Chukua mfano wa zahanati iliyotoa sindano 60, 62, 0, 0, 58 na 60 katika miezi sita. Ukijumlisha ni 240. Ukigawa kwa miezi sita unapata 40 kwa mwezi, na oda ya robo mwaka inakuwa 120. Lakini miezi miwili dawa hazikuwepo. Wanawake walikuja wakarudi mikono mitupu. Gawa kwa miezi minne yenye dawa: 60 kwa mwezi, oda 180. Tofauti ni sindano 60, na kila moja ina mwanamke wake. Hivi ndivyo upungufu mmoja unavyozaa mwingine: rafu tupu inasomeka kwenye daftari kama watu hawataki. Kwa hiyo waliorudishwa waandikwe nao. Na hakuna mwanamke anayeondoka mikono mitupu: apewe kondomu au vidonge vya kushikilia, na tarehe yake ya wiki ya 17 iandikwe kwenye kadi kwa kalamu nyekundu.

Sindano za kujichoma zitakapofika zitakupunguzia safari hizo za saa tatu. Shirika la Afya Duniani liliipitisha njia hii katika mwongozo wake wa mwaka 2019. Ni dawa ileile, ila kipimo chake ni miligramu 104 katika mililita 0.65, na inachomwa chini ya ngozi. Ile ya kawaida, ya kichupa, ni miligramu 150 na huenda kwenye msuli. Usichote ya kichupa ukamchoma chini ya ngozi.

Mfundishe kwa mikono. Ananawa, anachagua tumbo mbali na kitovu au mbele ya paja. Anafungua pakiti na kukitikisa kifaa kwa nguvu sekunde 30 hivi, mpaka dawa ichanganyike na isionekane imetulia chini. Kisha anasukuma kifuniko cha sindano kuelekea mwilini mwa kifaa mpaka ule mwanya kati yao ufungike kabisa. Hapa ndipo wengi hukosea: mwanya usipofungika dawa haitoki, naye anabonyeza na kubonyeza bure. Anavua kifuniko, anabana ngozi iinuke, anaingiza sindano yote ikielekea chini kidogo, kisha anabonyeza kifuko cha dawa polepole kwa sekunde 5 hadi 7. Anachomoa kwanza, ndipo anaachia ngozi. Asisugue, maana kusugua huifanya dawa isambae upesi na kuisha kabla ya wakati. Hilo ni kweli hata kwa sindano ya kichupa. Kiputo kidogo cha hewa hakina neno, na mabaki kidogo ndani ya kifuko ni kawaida. Wafanyie mazoezi kwenye kondomu iliyojazwa chumvi kabla ya kugusa ngozi, na ya kwanza ajichome mbele yako.

Nyumbani zikae kwenye joto la nyuzi 15 hadi 30, mbali na jua, moto na watoto. Jokofu halihitajiki, na zisigande. Zilizotumika ziwekwe bila kurudishiwa kifuniko ndani ya kopo gumu lenye mfuniko, wewe ulikusanye. Zisitupwe chooni. Nne zinamtosha mwaka. Kabla ya kumpa yeyote, mpime shinikizo la damu: likiwa 160 kwa 100 au zaidi, sindano si njia yake. Wala isiwe njia ya mwenye saratani ya matiti au anayetokwa na damu ukeni isiyojulikana sababu. Anayenyonyesha aanze mtoto akifikisha wiki 6.

Kuhusu mkutano wa elimu: mwambie msimamizi, kwa heshima, kwamba wanawake 41 waliokubali sindano walikuwa wameshaelewa. Mwaka 1975 huko Matlab, Bangladesh, vidonge na kondomu viligawiwa nyumba kwa nyumba. Matumizi yalipanda haraka kisha yakashuka, kwa kuwa mwanamke aliyepata madhara hakuwa na wa kumsaidia wala njia ya kubadilishia. Mwaka 1977 mpango ukapangwa upya: wanawake wa vijijini humohumo wakafundishwa, wakawa wanampitia kila mama kila baada ya wiki 2 wakiwa na njia kadhaa mkononi, sindano ikiwemo. Matumizi yakapanda, na safari hii yakadumu. Hali yenu inafanana na ile ya 1975. Kama mkutano ni lazima, ufanye wa wanaume, na uzungumzie hayo mawili yanayowatisha: damu na kizazi. Usitaje mtumiaji yeyote. Daftari lako lisionwe na mtu, na anayetumia kwa siri usimpitie nyumbani bila kukubaliana naye mahali na saa.

Na usikubali kupewa idadi ya wanawake wa kufikisha. Nchi 179 zilikubaliana Cairo mwaka 1994 kwamba uzazi wa mpango ni uamuzi huru wa mtu mwenyewe. Mhudumu mwenye idadi ya kutimiza huanza kuficha madhara, na anayeficha madhara ndiye anayepoteza watu miezi mitatu baadaye. Katika hao 17, atakayesema hataki njia yoyote, andika hivyo uende.

Wengine waulize wanataka nini kuanzia hapa. Kwa anayerudi bila kuchelewa, sindano hushindwa kwa wanawake 2 kati ya 1,000 kwa mwaka. Katika matumizi ya kawaida ya watu, hushindwa kwa 4 kati ya 100, na sehemu kubwa ya pengo hilo ni kuchelewa. Anayeishi saa tatu kutoka zahanati anastahili kujua kwamba vijiti vya mkononi hukaa miaka 3 au 5 kutegemea aina, na kitanzi cha shaba miaka 10 au zaidi, na kwamba vyote hutolewa siku yoyote atakayotaka. Hakikisha kwanza kuna anayejua kuvitoa, siyo kuweka tu. Anayetumia rifampisini ya kifua kikuu, efavirenzi ya VVU au baadhi ya dawa za kifafa asitegemee vijiti, kwa sababu dawa hizo huvipunguza nguvu. Sindano haiathiriki. Hakuna kati ya hizi inayozuia magonjwa ya zinaa. Kondomu iwepo palipo na hatari.

Wale watatu wajawazito wapeleke kliniki mapema bila neno la lawama. Zungumza nao kuhusu njia ya baadaye sasa hivi, wakiwa bado na mimba, kwa maana baada ya kujifungua hawatapata nafasi ya kutembea saa tatu. Kitanzi kinaweza kuwekwa ndani ya saa 48 za kujifungua, na vijiti kabla hajaondoka wodini. Atakachochagua kiandikwe kwenye kadi yake ya kliniki, ili mkunga akikute.